Nilivyoifuatilia kadi ya mtandao iliyokuwa ikizimia kwenye ukuta wa moto wa ofisi

Kiolesura cha mtandao, yaani kadi au soketi inayochomekwa kebo, kikifa kabisa hakisumbui sana, kwa kuwa taa yake huzimika na kila mtu hujua pa kuanzia. Kilichotuhangaisha ofisini kwetu, katika Eneo la Viwanda jijini Nairobi, ni kiolesura kilichofanya kazi vizuri asubuhi nzima, kikanyamaza kwa dakika kadhaa huku taa yake ikiendelea kumetameta, kisha kikarudi chenyewe kabla sijafika kwenye kabati la mitambo. Mhasibu wetu, ambaye hana budi kuwasilisha marejesho ya VAT kufikia tarehe 20 ya kila mwezi, alizoea kunipigia simu kwa maneno yale yale: "Mtandao umelala tena." Lawama zote zilimwangukia mtoa huduma wa intaneti, ambaye safari hii hakuwa na kosa lolote.

Ukuta wetu wa moto (firewall), mashine inayochuja kila kinachopita kati ya ofisi na intaneti, ni kompyuta ya mezani ya mtumba inayoendesha mfumo wa FreeBSD na kichujio chake cha pf. Upande wa intaneti kuna kadi ya Intel ambayo mfumo huiita em0. Upande wa ndani tulikuwa tukitumia soketi ya Realtek iliyojengwa kwenye bodi kuu, nayo huitwa re0, ambayo ilibeba mitandao midogo mitatu iliyotenganishwa kwa VLAN, yaani mitandao tofauti inayotumia waya mmoja: wa ofisi, wa seva na wa kamera za usalama. Mpangilio huo una uzito wake katika kisa hiki, maana chochote kilichotoka mtandao mmoja kwenda mwingine, zikiwemo nakala za akiba zinazopelekwa kwenye seva kila usiku, kilipita re0 mara mbili, kikiingia na kikitoka.

Kuchunguza mashine kwa mbali kupitia kiolesura kile kile unachokishuku ni kujitafutia taabu, kwa hiyo niliunganisha skrini na kibodi moja kwa moja. Mtandao ulipolala tena, ping, yaani ujumbe mfupi wa kupima kama upande wa pili unajibu, iliyokwenda 8.8.8.8 kwenye intaneti kutoka kwenye mashine yenyewe ilijibiwa bila shida, ilhali ping ya kwenda kwenye anwani ya swichi, kifaa kinachounganisha kebo za ofisi, iliyo umbali wa mita chache tu, haikujibiwa. Hapo mtoa huduma, kanuni za pf na DNS (huduma ya kutafsiri majina ya tovuti) vyote viliondoka kwenye orodha ya washukiwa. Nilibaki na re0, waya na swichi.

Amri ya netstat -i ilionyesha kwamba safu ya Ierrs, inayohesabu fremu (vipande vya data) zilizopokelewa zikiwa na hitilafu, ilikuwa ikipanda kwenye re0 na kubaki sifuri kwenye em0. Ukurasa wa takwimu wa swichi nao ulionyesha makosa ya CRC, yaani data iliyoharibika njiani, kwenye mlango ule ule. Jambo lililonivutia zaidi lilitoka kwenye ifconfig: kiolesura kilikuwa kimeunganishwa kwa kasi ya 100baseTX, ingawa pande zote mbili zina uwezo wa gigabiti moja, na kumbukumbu za mfumo zilijaa ujumbe wa kiungo kushuka na kupanda.

Dalili hizo zikikutana, huelekeza kwenye waya. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu kati ya nne zilizomo kwenye kebo, zile zinazoishia kwenye pini 1, 2, 3 na 6, lakini gigabiti huhitaji jozi zote nne. Kwa kuwa mazungumzo ya kukubaliana kasi hufanyika kwenye jozi mbili za kwanza, vifaa viwili vinaweza kuahidiana gigabiti kwa moyo mkunjufu, kisha vikashindwa kuitimiza kwa sababu jozi ya kahawia au ya buluu ina kasoro, vikaachana na kuanza upya, au chipu ikaamua kushuka hadi 100. Kipima-kebo kiliwasha taa zote isipokuwa ya 7, ambayo kwa mpangilio wa T568B ni ya waya mweupe wenye mstari wa kahawia. Nilipokata ncha na kukwangua waya kwa kisu, rangi ya shaba ilitoka ikabaki nyeupe ya alumini. Kebo za aina hiyo, alumini iliyopakwa shaba, zimejaa madukani kwa sababu ya bei yake, nazo hukatika upesi zikikunjwa nyuma ya kabati. Niliitoa yote na kuweka kebo ya Cat6 ya shaba tupu.

Makosa yalikoma, kasi ikapanda hadi gigabiti, na usiku uliofuata mtandao ukalala vibaya kuliko awali.

Safari hii kumbukumbu za mfumo zilikuwa na ujumbe mwingine: re0: watchdog timeout. Maana yake ni kwamba draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, imeikabidhi kadi fremu za kutuma, ikangoja, na kadi haikutoa taarifa kwamba imezituma, hivyo draiva ikaamua kuiwasha upya. Kwa kawaida kadi hurudi baada ya muda mfupi, ila mara nyingine hairudi mpaka mashine nzima iwashwe upya. Kebo mbovu ilikuwa imeificha hitilafu hii kwa kuibana kadi kwenye kasi ndogo, kama gari lenye breki mbovu ambalo halijulikani hali yake mpaka lifike mteremkoni. Nilithibitisha kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, nikisukuma data mfululizo kati ya kipakatalishi cha upande wa ofisi na seva. Mzigo mwepesi haukudhuru chochote, lakini mzigo mzito wa pande mbili uliizimisha re0 wakati wowote nilipotaka.

Ushauri unaorudiwa mno kwa shida ya namna hii ni kulazimisha kasi ya 100 kwenye mashine, nami siuafiki. Ukilazimisha upande mmoja na kuuacha mwingine ujichagulie, ule unaojichagulia hukosa wa kuzungumza naye, hutambua kasi peke yake, na huangukia kwenye mawasiliano ya zamu, yaani kutuma na kupokea kwa kupokezana. Hapo unakuwa umejiletea hitilafu mpya inayofanana sana na ile ya zamani.

Nilianza kwa kuondoa kazi ambazo chipu huifanyia mfumo, kama kukokotoa hesabu za uhakiki na kukata data vipande, kwa amri ya ifconfig re0 -rxcsum -txcsum -tso. Kadi ikastahimili muda mrefu zaidi, lakini bado ilianguka. Kisha nikasakinisha kifurushi cha realtek-re-kmod, ambacho huleta draiva ya mtengenezaji wa chipu badala ya ile iliyomo ndani ya FreeBSD, na kukiagiza kipakiwe kupitia /boot/loader.conf. Hapo iperf3 ilikimbia hadi nikachoka kuitazama. Wengi wangeishia hapo, na kwa kompyuta ya kawaida ningeishia hapo pia. Hata hivyo, moduli ya namna hiyo, yaani draiva iliyoongezwa kutoka nje, lazima ilingane na toleo la kiini cha mfumo. Sikutaka mashine ambayo ndiyo njia pekee ya ofisi kufika kwenye intaneti ikose mtandao wa ndani kwa sababu ya sasisho nililolifanya usiku. Draiva hiyo nikaiacha ishike zamu kwa muda tu.

Nilikwenda Luthuli Avenue kutafuta kadi ya Intel I350 iliyotolewa kwenye seva. Kadi za bandia za aina hii zipo, hivyo nilimwomba mwenye duka aniruhusu niichunguze kadi kwanza. "Angalia tu, boss, hapa hatuuzi karatasi," alinijibu, akanisogezea taa. Jambo ambalo wanunuzi husahau ni bati la kufungia: kadi nyingi za seva huja na bati fupi lisilotoshea kasha la kawaida. Alikuwa na bati refu kwenye droo.

Kuichomeka kulikuwa rahisi, kwani kadi ya x4, yenye njia nne za data, huingia bila shida kwenye nafasi ndefu ya x16. Kazi ilikuwa kwenye majina. Kadi mpya huitwa igb0, na mfumo hauhamishi chochote kutoka re0. Katika /etc/rc.conf nilibadilisha mistari ya anwani na ule wa vlans_re0. Katika pf.conf nilibadilisha mstari mmoja tu, kwa sababu jina la kiolesura cha ndani lilikuwa limewekwa mwanzoni na kanuni nyingine zote zikilirejelea. Nilikagua faili kwa pfctl -nf kabla ya kuipakia, nikazima soketi ya Realtek kwenye BIOS, nikaondoa ile moduli, na kurudia jaribio lile lile la mzigo wa pande mbili wakati nakala za akiba zikiendelea.

Tangu hapo cron, kiratibu cha kazi za kujiendesha, huandika matokeo ya netstat -i kwenye faili kila saa, na safu ya Ierrs ya igb0 imebaki sifuri. Kebo za kamera bado ni zile za alumini. Mbili kati ya hizo zimeunganishwa kwa megabiti 10 badala ya 100, na meneja ameshaidhinisha zibadilishwe.