Nilivyochora ramani ya visima vya mtaani kwetu Unguja

Mimi sio mtu wa jiolojia, hii kazi nimeianza kwa sababu huku kwetu Magharibi B kila anayejenga anachimba karo lake la maji machafu na jirani yake ana kisima, na chini ni jiwe la matumbawe, jiwe lenye matundu na mipasuko kila mahali, masika ikipiga na ikikata hukuti dimbwi, maji yashazama zamani. Na ya karoni yanazama vilevile.

Nikaweka QGIS, programu ya kuchorea ramani, kwenye laptopu, ni ya bure, nikaamua kutumia DRASTIC, njia ya kukadiria wapi maji ya chini ya ardhi ni mepesi kuchafuka, iliyotoka Marekani miaka ya 80. Inaangalia vitu saba na kila kimoja kina uzito wake: kina cha maji 5, tabaka kavu lililo juu ya maji 5, mvua inayonywea ardhini 4, aina ya mwamba 3, wepesi wa maji kupita ndani yake 3, udongo 2, mwinamo 1. Unazidisha unajumlisha, penye alama nyingi ndo pepesi kuchafuka.

Kufungua tu, visima viko kando kabisa na mitaa yake, vingine juu ya mapaa ya watu wengine. Siku mbili nahangaika nadhani nimekosea namba kumbe orodha ya zamani niliyopewa iko kwenye Arc 1960 na simu yangu inasoma WGS84, ni mifumo miwili tofauti ya namba za kuonyesha mahali kwenye ramani, huku kwetu inapishana karibu mita 300. Ukipewa data ya zamani uliza hilo kwanza kabla hujagusa chochote.

Kina cha maji ndo kilinitesa. Nilijaribu kutumia mwinuko wa SRTM, data ya urefu wa ardhi iliyopimwa kwa rada kutoka angani, lakini ile rada inapima vichwa vya minazi na miembe, na ardhi yetu imelala, ukikosea mita tano kwenye kisima cha mita nane umebaki na nini? Nikachukua kamba, fundo kila nusu mita, mwishoni kopo la chuma mdomo chini, likigusa maji linalia pwa! unahesabu mafundo. Visima 31 nimevipima hivyo.

Sasa kuna bibi mmoja kisima chake kwenye ramani kilitoka njano, hatari ya kati, lakini nilipopima nitrati, kemikali inayotoka na maji ya vyooni, ikapita 50 mg kwa lita, ndo kikomo cha WHO. Karo la jirani liko hatua kumi na mbili nyuma ya ukuta. Akaniambia mwanangu, maji haya nimelelea watoto wangu wote na nachemsha. Nikamwambia bibi, kuchemsha kunaua vijidudu, nitrati haitoki, maji yakipungua sufuriani ndo inazidi kukolea, na anayeumia zaidi ni mtoto mchanga wa maziwa ya chupa.

Nikarudi na nondo nikawa nachoma ardhi pale uani. Shubiri moja tu, jiwe. Ramani ya udongo niliyotumia ilisema kinongo kirefu, yaani udongo mwekundu unaoenda chini sana, kumbe pale ni maweni matupu, udongo kiganja tu juu ya jiwe! Ikabidi nizunguke na nondo eneo zima, wiki mbili, nikachora upya leya ya udongo na ya tabaka kavu, na upande ule wote ukageuka mwekundu, hatari kubwa.

Nimeichapisha kubwa nikampelekea sheha. Bibi kisima bado anakitumia kufulia, maziwa ya mjukuu sasa anayakoroga kwa maji ya dumu kutoka bombani.