Seftriaksoni asubuhi na jioni, hadi lini?

Pita wadi ya watu wazima katika hospitali nyingi za Tanzania, uchukue karatasi ya dawa iliyo kitandani. Mara nyingi utakuta seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, gramu moja kwenye mshipa, asubuhi na jioni. Visanduku vya sahihi za wauguzi vimejaa vizuri. Kinachokosekana ni jina la ugonjwa unaotibiwa na siku ya kukomea.

Kuanza dawa kabla ya majibu ya maabara si kosa. Mgonjwa wa sepsisi (maambukizi makali yanayoharibu kazi ya viungo vya mwili) ambaye presha imeshaporomoka apate dozi ya kwanza ndani ya saa moja. Kosa ni kuanza bila kuchukua damu ya kuotesha maabara ili kijidudu kijulikane, halafu kila raundi ikaandika "aendelee na dawa".

Seftriaksoni imependwa kwa sababu za kueleweka: ipo, inatibu mengi, na haihitaji hesabu ndefu za figo. Hukaa mwilini muda mrefu, kiasi kwamba kwa nimonia gramu 1 hadi 2 mara moja kwa siku inatosha. Gramu 2 kila saa 12 ni za homa ya uti wa mgongo. Lakini WHO ilipoyapanga makundi ya antibiotiki mwaka 2017, hii iliwekwa kwenye kundi la kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ikitumika ovyo hubakiza utumboni bakteria aina ya E. koli na Klebsiela wenye vimeng'enya vya kuikatakata. Hapo ndugu wa mgonjwa hutumwa kutafuta meropenemu, antibiotiki yenye nguvu zaidi, na bei yake wanaijua waliowahi kuinunua.

Damu ya kuotesha huharibikia mikononi mwetu kuliko maabara. Mtu mzima atolewe mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, chupa mbili, kutoka mikono miwili tofauti, kabla ya dozi ya kwanza. Ngozi ipakwe klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) yenye spiriti na iachwe ikauke yenyewe. Ukishasafisha usiuguse tena mshipa kwa kidole. Mpira wa chupa nao ufutwe. Chupa zisiwekwe kwenye friji, na zifike maabara ndani ya saa mbili. Mililita tatu zilizotolewa baada ya dozi ya tatu zitarudisha jibu la "hakuna kilichoota", na jibu hilo halimsaidii yeyote.

Upasuaji wa uzazi ndipo dawa nyingi zinapopotea. Kinachohitajika ni antibiotiki ya kukinga kidonda, sefazolini gramu 2, mara moja, ndani ya dakika 60 kabla ya kisu kugusa ngozi. Operesheni ikipita saa nne au damu ikimwagika nyingi, dozi irudiwe. Baada ya hapo basi. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 unakataza kuendeleza kinga hiyo baada ya upasuaji. Bado kina mama wengi hupewa seftriaksoni na metronidazoli kwa siku kadhaa, kisha vidonge vya kwenda navyo nyumbani. Hofu ya kidonda kuoza naielewa, hasa pale maji yanapokatika. Lakini sindano za siku ya tatu hazirekebishi dozi iliyochomwa wadini mapema mno, mama akakaa saa tatu akisubiri chumba. Dozi hiyo akabidhiwe mtoa usingizi, aitoe mle mle chumba cha upasuaji.

Kwa vichanga kuna hatari nyingine: seftriaksoni ikikutana na kalsiamu hufanya chembe ngumu, na vifo vimetokea. Ringa laktati, maji ya dripu, ina kalsiamu. Kichanga mwenye manjano pia asipewe. Kwao ampisilini na jentamaisini ndiyo njia ya kuanzia.

Saa 48 zikifika, faili lifunguliwe upya. Kama homa imeshuka na mgonjwa anameza, vidonge vinatosha kwa maambukizi mengi. Metronidazoli ya kumeza hufyonzwa karibu yote, kwa hiyo dripu yake kwa mtu anayekula ugali inabakiza kanula mkononi bure.

Jambo moja linalowezekana hata pasipo maabara: famasia itoe sindano za siku tatu tu kwa kila cheti. Wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo na wengine wa tiba ndefu wawekewe alama mapema, wasikose dozi. Wengine wote, siku ya nne kisanduku chao cha dawa kikiwa tupu, daktari ataandika upya, na mfamasia asitoe dawa kabla ya kuona ugonjwa umetajwa.