Maafisa wa ICE wako mlangoni: soma karatasi kwanza

Kwetu anayepiga hodi hujibiwa karibu. Kwa hapa Marekani, ukisikia waliopo nje ni ICE, yaani maafisa wa serikali wanaokamata watu kwa mambo ya uhamiaji, hilo neno liweke kwanza. Mlango ubaki umefungwa, waambie wapitishe karatasi yao chini yake au waibandike kwenye kioo cha dirisha.

Ukiipata, tafuta sahihi. Fomu I-200 (hati ya kukamata) na I-205 (hati ya kumwondoa mtu nchini) husainiwa na afisa wa uhamiaji, si jaji. Zinatosha kukukamata ukiwa barabarani au kwenye maegesho, lakini si ruhusa ya jaji ya kuingia nyumbani. Hati ya mahakama ina jina la mahakama juu, sahihi ya jaji chini, na anwani. Kama namba ya nyumba si yako, waambie. Waraka wa ndani wa ICE wa mwaka 2025 unadai kuwa I-205 inatosha kuingia kwa nguvu, na dai hilo linapingwa mahakamani. Kwa hiyo wakiingia, usimshike mtu wala usikimbie. Sema kwa sauti kwamba hukubali, ukariri namba za beji. Kosa la kawaida ni kufungua na kusogea pembeni: baadaye litaelezwa kuwa uliwakaribisha.

Ulizaliwa wapi, uliingiaje, una viza gani: hayo una haki ya kutoyajibu. Ila kunyamaza si kudanganya. Ukijiita raia wa Marekani na si raia, unaweza kujifungia njia ya grini kadi maisha yako yote, hata kama mwenzi wako ni raia. Na mwenye grini kadi aliyefikisha miaka 18 anatakiwa kisheria kutembea nayo.

Familia nyingi hukwama kwenye kumtafuta aliyekamatwa. Mtandao wa ICE wa kutafuta waliozuiliwa unataka namba ya A (namba ya faili lake la uhamiaji: herufi A na tarakimu 8 au 9, iko kwenye grini kadi na kibali cha kazi) pamoja na nchi ya kuzaliwa. Bila namba hiyo, unataka jina kama walivyoliandika wao, na majina yetu matatu hapo huvurugika: la baba limegeuzwa la kati, la babu limekuwa la ukoo, au mawili yameunganishwa. Jaribu kila mpangilio. Nchi nayo ni ya kuzaliwa, si ya uraia. Mkongomani aliyezaliwa kambini Nyarugusu mtafute kwa Tanzania. Namba ya A iandikeni leo, ikae kwa mtu mnayemwamini.

Aliye ndani asisaini asichokielewa. Karatasi ya "kuondoka kwa hiari" mara nyingi ina maana kwamba hutamwona jaji tena. Anayeogopa kurudishwa aliseme hilo kwa kila afisa, hata asipoulizwa. Jaji akitoa uamuzi na kuuliza kuhusu rufaa, jibu ni kwamba anahifadhi haki hiyo. Akisema ameridhika, mlango umefungwa.

Dhamana ya uhamiaji huanzia dola 1,500. Septemba 2025 bodi ya rufaa za uhamiaji iliamua kwamba majaji wa uhamiaji hawana mamlaka ya kuwapa dhamana walioingia nchini bila kukaguliwa na ofisa mpakani, na mahakama za shirikisho zimekuwa zikitofautiana juu yake. Aliyeingia kwa viza akapitisha muda si wa kundi hilo, hivyo nakala ya viza na ya fomu I-94 (rekodi ya kuingia nchini) ni mali.

Serikali haikulipii wakili. Anayekujazia fomu kanisani au dukani si wakili mpaka aonyeshe leseni, au awe mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Tarehe ya mahakama iulize mwenyewe kwa simu ya mahakama za uhamiaji, 1-800-898-7180. Ukihama, peleka EOIR-33, fomu ya kubadilisha anwani, mahakamani ndani ya siku 5. AR-11 ya USCIS (idara inayoshughulikia maombi ya uhamiaji) ni fomu nyingine ya anwani na haichukui nafasi yake. Barua ikienda anwani ya zamani usipotokea, amri ya kufukuzwa hutolewa haupo.

Mahakamani mkalimani ni bure, lakini taja Kiswahili chako. Wa Bukavu akipewa mkalimani wa Mombasa, maneno mengine hupotea. Lalamika palepale, wakati kinasa sauti kinafanya kazi.