Mama mdogo ndiye aliyeiokoa nyumba: tulivyopata msaada wa ada ya makao ya wazee Uingereza

Mama alipata kiharusi Februari 2024, akiwa na miaka 78. Ni muuguzi mstaafu. Miaka 26 aliwaogesha na kuwageuza wagonjwa wa watu huku England, na sasa yeye ndiye aliyehitaji watu wawili kumtoa kitandani. Mimi na kaka yangu tulimuuguza nyumbani wiki tano. Usiku mmoja miguu ilimlegea bafuni, nikakaa naye sakafuni, kichwa chake mapajani mwangu, mpaka gari la wagonjwa likafika. Hapo ndipo tulipokubali makao ya wazee. Jamaa wa Mombasa walisema tumemtupa. Liliniuma sana, lakini wao hawakuwepo bafuni.

Makao tuliyoyapenda yalitaka pauni 1,150 kwa wiki. Nikaiomba halmashauri tathmini ya mahitaji, ambayo ni haki ya mtu awe na pesa au asiwe nazo. Nikataka pia aangaliwe kama anastahili kulipiwa ada yote na NHS, huduma ya afya ya taifa, kwa kuwa wao hutazama mahitaji ya kiafya, hawatazami mali. Hakupita mchujo wa kwanza.

Ikaja tathmini ya fedha. England, mwenye zaidi ya pauni 23,250 hujilipia mwenyewe. Akiba iliyo chini ya 14,250 haiguswi. Iliyo katikati, kila pauni 250, au sehemu yake, huhesabiwa kama pauni 1 ya mapato kwa wiki. Mama alikuwa na 19,400, yaani pauni 21 kwa wiki, na juu yake pensheni, ambayo ilichukuliwa akabakishiwa pauni 30.15 kwa wiki za matumizi yake, kiwango cha 2024. Hayo tuliyaweza. Ila barua ya halmashauri ilisema nyumba yake itaachwa nje ya hesabu wiki 12 tu. Baada ya hapo ada yote ni juu yake, na asipokuwa na fedha taslimu, deni linaweza kuwekwa juu ya nyumba, lilipwe ikiuzwa.

Barua hiyo niliisomea jikoni kwa mama, huku mama mdogo akinimiminia chai. Mdogo wake mama huyo ana miaka 64, na anaishi humo tangu 2016 alipofiwa na mumewe. Hakuna afisa aliyewahi kuuliza nani anakaa nyumbani! Kanuni ziko wazi: ikiwa ndugu wa miaka 60 au zaidi alikuwa akiishi humo tangu kabla mgonjwa hajaenda makaoni, na hapo ndipo kwake, nyumba haihesabiwi kabisa.

Nilimwambia, "Mama mdogo, nipe kila karatasi yenye jina lako na anwani hii." Akaenda chumbani akarudi na kopo la biskuti: barua za daktari, za pensheni, za uchaguzi, hata karatasi za dawa za presha alizozikunja nne. Nikatoa nakala, nikaambatanisha cheti chake cha kuzaliwa na barua ya malalamiko. Wiki ya tisa jibu likaja: nyumba imeondolewa kwenye hesabu.

Lililonikosesha usingizi ni jingine. Katika taarifa za benki za mama, halmashauri iliona pauni 6,000 alizotuma Kenya 2019. Ndugu zangu tunaojenga nyumbani, hili tulijue: halmashauri ikiamini mtu alitoa mali ili asilipie ada, humhesabia kana kwamba bado anayo, na ile miaka saba tunayoambiana mitaani, kwamba ikipita huulizwi tena, haipo katika sheria hii. Nilieleza kwamba zilichimba kisima Kwale, na kwamba wakati huo mama alikuwa mzima, akienda sokoni kwa miguu yake. Risiti za fundi zilisaidia. Wakakubali. Kiwanja chenye jina lake Kenya, kama angekuwa nacho, nacho kingeulizwa.

Makao yale yalizidi kiwango cha halmashauri kwa pauni 85 kwa wiki. Walitupatia makao mengine yasiyo na nyongeza, lakini yako mbali, mama mdogo asingeweza kufika kwa basi. Tofauti hiyo tunailipa mimi na kaka. Mama mwenyewe haruhusiwi kuitoa mfukoni mwake.

Mama mdogo huenda kila Ijumaa na mahamri. Kopo liko pale pale juu ya kabati, na kila bahasha inayomfikia anaiweka humo, maana hesabu hupitiwa upya kila mwaka.