Ngazi mbili tu za lori

Jamani hadi saa hizi mikono bado inanitetemeka.

Mwenzangu kazini, dereva wa miaka na miaka, kaendesha lori toka alfajiri, kafika salama, kazima injini, kafungua mlango akashuka kama anavyoshuka siku zote, mgongo kwenye kiti, simu mkononi. Ngazi ilikuwa na matope.

Nikasikia kishindo tu.

Kifundo cha mguu kikavimba palepale, buti likagoma kutoka ikabidi tukate kamba. Ila kisichonitoka kichwani ni ile alama kwenye ngazi, mstari mmoja wa soli kwenye matope, urefu wa kiganja, basi.

Tunaogopa ajali za barabarani (na ni haki) lakini huku kushuka nani anakuwaza? Umekaa masaa miguu imekufa ganzi, halafu unaruka, uzito wote unatua kwenye kifundo na goti.

Tulishafundishwa, geukia gari, shuka kinyumenyume, mikono miwili na mguu mmoja au miguu miwili na mkono mmoja viwe vimeshika muda wote. Na mimi leo asubuhi niliruka.

Madereva na mautingo, nyie mnashukaje? Aliyewahi kuumia hivi, ulikaa muda gani mpaka ukapona?