Usiku Orodha Ilipozimwa

Tarehe 30 Juni 2014 watu walirudi. Majina ambayo sikuwa nimeyaona kwa miaka yalianza kuingia kwenye ubao wa alama moja baada ya jingine, mpaka seva yetu, kompyuta inayoendesha mechi za gemu ya vita ya Battlefield 1942, ikajaa pomoni, wachezaji 64. Mara ya mwisho kuiona hivyo, nilikuwa bado mtu wa kufungua kasha la kompyuta kila mwisho wa wiki kwa raha tu ya kulifungua. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikaa mbele ya skrini nimenuna, kama mwenye nyumba anayepokea wageni walioijua njia ya msibani lakini siku za ugonjwa hawakuijua njia ya hospitali.

Kilichokuwa kinazikwa ni GameSpy, huduma ya kutafutia seva za gemu. Waliozaliwa baadaye jina hili huenda haliwaambii kitu, basi nieleze kidogo. Quake, gemu ya kupigana risasi, ilipotoka mwaka 1996, ungeweza kupigana na mtu aliye bara jingine, ila kwanza ujue anwani ya seva aliyomo. Watu walipeana anwani hizo, tarakimu tupu zenye nukta katikati, wakazitunza kwenye faili za maandishi. Wapenzi wachache wa Quake wakatengeneza kiprogramu cha kuwatafutia seva, wakakiita QSpy. Kikakua, kikawa GameSpy, na miaka iliyofuata kampuni nyingi za gemu ziliona hakuna haja ya kujenga mfumo wao wa kutafuta seva wakati upo wa kukodi. Mwaka 2012 teknolojia hiyo ilinunuliwa na Glu Mobile. Aprili 2014 likatoka tangazo kwamba huduma ingefungwa Mei 31, na gemu za kampuni ya EA, yetu ikiwamo, zikapata mwezi mmoja wa nyongeza.

Sikuwa na ugomvi na yeyote kati yao. Gemu yenyewe ilitoka Septemba 2002, enzi ambazo kompyuta yenye Pentium III ya 500 MHz na kumbukumbu ya MB 128 ilitosha kuiwasha, japo kuiwasha ni jambo moja na kuicheza ni jingine. Tangu mwaka 2012 ilikuwa inagawiwa bure. Nani alipe umeme wa kitu kinachogawiwa bure na kuchezwa na watu wachache wenye vichwa vigumu?

Kilichonichosha ni kelele. Kwa wiki kadhaa chaneli yetu ya IRC, yaani chumba cha gumzo la maandishi, ilijaa watu wanaoomboleza kwamba gemu inauawa, nami nikaeleza mpaka vidole vikauma kwamba hakuna gemu inayouawa. GameSpy haikuwahi kubeba mchezo wetu hata risasi moja. Kazi yake kubwa kwetu ilikuwa kuweka orodha. Kila baada ya muda seva yetu ilituma pakiti ndogo kusema ipo hai, na jina lake likabaki kwenye orodha. Ukifungua gemu, kompyuta yako inaomba orodha hiyo, inapewa anwani, kisha inazipigia hodi seva moja moja yenyewe: unaitwa nani, uko kwenye ramani gani, wachezaji wangapi. Ukishachagua, unaunganishwa na seva moja kwa moja, kwa kawaida kwenye lango namba 14567, na mchezo wenyewe haupiti kwa GameSpy. Kwa hiyo siku orodha ikizimwa, seva zitaendelea kuwaka. Kitakachokosekana ni mtu wa kukuelekeza zilipo.

Dawa yake ilikuwa rahisi mno. Unatengeneza njia ya mkato kwenye skrini, unaongeza +joinServer na anwani, basi. Nilikuwa nimeiweka anwani hiyo kwenye ujumbe wa kukaribisha tangu Aprili. Kila aliyeingia aliiona. Ujumbe wa kukaribisha, kama anavyojua yeyote aliyewahi kusimamia seva, ndiyo maandishi yanayosomwa na watu wachache kuliko yote duniani.

Niseme ukweli kwamba wakati huo nilikuwa nimeshashiba jumuiya za intaneti. Nilizipenda sana, ndiyo maana. Niliingia wakati ambapo kubishana kuhusu kipanya cha mpira na kipanya cha mwanga kulionekana jambo la maana, na watu walikesha wakipimana pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi. Kisha nikaanza kuona kila chaneli inafuata njia ileile. Wanatangulia wanaocheza. Wakishakuwa wengi wanakuja wanaopenda kutunga kanuni, na baada yao wanaopenda kushitaki wenzao kwa kanuni hizo. Mwishoni unabaki na watu ambao hawachezi wala hawashitaki, kazi yao kusimulia zamani palivyokuwa pazuri. Tulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa anaingia IRC kila jioni kulaumu kwamba seva ni tupu. Kuingia kwenye seva yenyewe, ili isiwe tupu kwa mtu mmoja, hakukumjia.

Mapenzi ya mashine nayo yalikuwa yameniishia kimyakimya. Zamani ningekutajia kadi ya picha niliyonayo, mwendo wake, joto lake, na jinsi nilivyoilazimisha ipite mwendo huo. Kufikia 2014 nilihitaji kufungua programu kujua imo kadi gani, na jibu nililisahau kabla ya kuifunga.

Basi, usiku wenyewe. Ramani ilikuwa Wake Island, kisiwa chenye umbo la kwato, ileile iliyokuwemo kwenye toleo la majaribio mwaka 2002 na ambayo wengine waliicheza kwa miaka bila kununua gemu kamili. Upande mmoja Wamarekani wanalinda kisiwa, upande wa pili Wajapani wanakuja kutoka kwenye manowari ya kubeba ndege. Ni ramani ya vurugu nzuri. Lakini usiku ule hakuna aliyetaka vurugu. Walijipanga ufukweni, Wamarekani na Wajapani bega kwa bega, wakipigana picha. Tulikuwa tukiandikiana kwa Kiingereza kibovu cha kila taifa, na kila ujumbe ulikuwa wa aina moja: mnakumbuka, mnakumbuka, mnakumbuka. Hakuna aliyekufa, kwa hiyo hakuna aliyekula hata tiketi moja ya raundi, ile akiba ya kila upande ya kurudi uwanjani.

Mmoja wa wazee wa chaneli, aliyekuwa hajacheza tangu siku nyingi, akaandika kwa herufi kubwa kwamba silaha zote ziwekwe chini tukae kimya dakika moja. Wakatii. Watu zaidi ya hamsini wakasimama mchangani hawatikisiki. Wengine walilala kifudifudi, nadhani kwa heshima.

Ndipo ikasikika injini ya Corsair, ndege ya kivita ya Wamarekani.

Ilitokea upande wa uwanja wa ndege, imeinamisha bawa moja, ikapanda kidogo, ikasita, halafu ikashuka katikati ya waombolezaji. Ubao wa vifo ukateremka kama mvua. Ilipotulia, chati ililipuka: mfukuze, mfungie, mfungie milele, msimamizi yuko wapi? Jina la rubani lilikuwa geni kabisa. Katikati ya matusi hayo akaandika, kwa adabu, "Samahani wakuu. Hii ndege inageukaje?"

Nilicheka mpaka nikasukuma kiti nyuma. Kumbe huyu aliipata gemu kwa sababu ilikuwa ya bure, akaona seva moja imejaa, akaingia. Hakuna aliyemwambia kwamba amefika mazishini. Nilipoandika kwamba simfungii, kwa kuwa ndiye pekee anayecheza, nilipata ujumbe wa faragha kutoka kwa yule mzee aliyeomba ukimya, akisema nimepoteza roho ya jumuiya. Sikumjibu. Nilimwita mgeni uwanja wa ndege.

Nilimweleza mambo ambayo sikuwahi kuyaweka kwenye maneno. Ongeza mwendo wote kwanza, usivute kipanya mpaka magurudumu yawe mepesi. Kugeuka si kusukuma usukani pembeni: laza ndege ubavu, kisha vuta pua. Mabomu yakikuishia au bawa likitoa moshi, pita chini juu ya uwanja wetu, utajazwa na kutengenezwa bila kutua. Alianguka baharini. Akaanguka tena, mara hii na mimi nikiwa ndani ya ndege ya jirani, akanigonga. Aliuliza kila kitu. Aliuliza kwa nini watu wanasimama ufukweni. Nikamwambia GameSpy inafungwa leo. Akauliza GameSpy ni nini.

Hapo nikabaki na vidole hewani. Mtu huyu alikuwa ameitumia dakika chache zilizopita kutufikia, na hakuijua, wala hakuwa na sababu ya kuijua. Nikaandika, "Orodha ya seva." Akajibu, "Aa, sawa," akapanda ndege nyingine.

Kuhusu saa ya kufungwa palikuwa na ubishi wa kitoto. Kila mmoja alikuwa na usiku wa manane wa kwake, na wote walitaka wa kwao ndio uwe wa kampuni. Kwa hiyo tulihesabu kurudi nyuma zaidi ya mara moja. Kumi, tisa, nane, mpaka moja, kwaherini, ilikuwa heshima kucheza nanyi, na baada ya hapo mawimbi yanapiga ufukweni na wote bado tupo. Mtu akaandika, "Mbona sijatoka?" Nikajibu nilichokuwa nikisema tangu Aprili. Aibu iliyofuata ningeiweka kwenye fremu. Watu walikuwa wameshaagana, wengine kwa maneno mazito waliyoyaandaa, na sasa wanatazamana tu, na raundi ina tiketi tele.

Wakaanza kutoka wenyewe, mmoja mmoja. Wakati fulani usiku huo orodha kweli ikawa tupu, maana kwenye IRC walionekana waliotoka wakitangaza kwamba imekufa, wameona kwa macho yao. Wakati huo huo tulikuwa tunacheza. Niliibandika anwani kwenye chaneli. Wachache waliishukuru. Wengi waliendelea kuomboleza chini ya mstari huohuo wenye anwani, na ni hapo hasira yangu ilipoisha, nikaelewa kwamba hawakuwa wamekuja kuicheza gemu. Walikuja kuachana nayo rasmi, na mimi nilikuwa nawaharibia.

Mafundi hawakulala. Siku chache baadaye zilikuwapo orodha mbadala zilizojengwa na wachezaji wenyewe, na maelekezo ya kuifanya gemu iziulize hizo. Njia nyepesi ilikuwa kuhariri faili ya hosts, ambamo kompyuta huangalia jina fulani lina anwani gani, ili jina la GameSpy lielekee kwenye anwani nyingine. Njia nyingine ilikuwa kufungua faili ya gemu kwa kihariri cha heksadesimali, kinachoonyesha faili baiti kwa baiti, na kubadilisha jina lenyewe herufi kwa herufi, ukihakikisha jipya halizidi la zamani kwa urefu. Ni kazi ya mwizi wa funguo, na niliifanya kwa furaha ambayo nilidhani imekwisha ndani yangu. Kwa Quake hakuna aliyehitaji hila hizo: watengenezaji wake, id Software, walitoa msimbo wake chini ya GPL, leseni inayoruhusu yeyote kuubadilisha, Desemba 1999, na tangu hapo anayetaka kubadilisha anwani anaibadilisha mchana kweupe. Sisi tulikuwa na faili iliyofungwa na matumaini kwamba aliyeiandika aliacha nafasi ya kutosha.

Tulibaki kikundi kidogo. Jioni nyingi hatukufikisha hata robo ya seva, lakini wote walikuwa wanacheza, na ubishi ulihusu mambo ya kweli, kama nani ameacha bendera ya kaskazini bila ulinzi. Chaneli ya IRC ilikauka yenyewe. Miaka ya baadaye wengine walihamia Discord, wakafungua chumba maalumu cha kumbukumbu, na nasikia kinachangamka sana.

Mgeni wetu wa Corsair aliendelea kuja. Alikuwa rubani wa kuogopwa, mwenye tabia mbaya ya kulipua manowari ya adui kabla ndege zake hazijapaa, jambo lililonipatia mashitaka kila jioni. Baada ya muda akaniandikia kirefu, akitaka Wake Island iondolewe kwenye mzunguko wa ramani, kwa sababu imemchosha, na kwa sababu, alisema, seva hii zamani ilikuwa na mchanganyiko mzuri zaidi. Tukapiga kura, akashindwa. Akadai kura irudiwe. Nikamjibu kwamba malalamiko yake yamepokelewa na akaangalie ujumbe wa kukaribisha.