Zamu ya mchana, wodi ya wazee

Saa 12:40 asubuhi. Mwenzangu wa usiku ananikabidhi wagonjwa 14, macho yamemvimba. Akifika kitanda cha 6, mzee wa miaka 83 aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, anasema: "Amechanganyikiwa tangu saa nane. Uzee tu." Nanyamaza, lakini sikubali. Jana mchana mzee alikuwa ananitania. Uzee gani huo unaoingia kwa usiku mmoja?

Saa 1:30. Kugeuza wagonjwa. Asiyejiweza tunamgeuza kila baada ya saa mbili au hivi, na mgongo wangu ndio unaolipia. Bibi wa kitanda cha 9 ngozi yake ni nyeusi, wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo nashika visigino vyote viwili. Cha kushoto kina joto na kigumu kuliko mwenzake. Kidonda cha kulala sana kinaanza hivyo. Naweka mto chini ya kigimbi, kisigino kining'inie, kisiguse godoro.

Saa 3. Kitanda cha 6. Anavuta shuka, anaita watu tusiowaona. Napapasa tumbo: chini ya kitovu pamejaa, pagumu. Mpira wa mkojo ulitolewa jana jioni, na chati ya usiku haina hata tone lililoandikwa! Namwita daktari, mpira unarudishwa, zinatoka mililita 900. Nikibadilisha foronya, kifaa chake cha kusikia kinadondoka.

Namvalisha. "Mzee, unanisikia?"

"Nakusikia, mjukuu wangu. Mbona unapiga kelele?"

Hakurudi sawa papo hapo. Hadi mchana bado alikuwa akiuliza kama gari limefika.

Saa 7. Kulisha. Kijiko kidogo, mgonjwa amekaa wima, nangoja ameze. Akimaliza halazwi kwa nusu saa, chakula kisije kikapita njia ya hewa.

Saa 9. "Nesi, mwacheni baba apumzike," binti wa mzee wa kitanda cha 6 ananisihi tukimwinua. Namwelewa. Ila misuli ya mzee huyeyuka haraka akilala tu, na aliyeingia anatembea anaweza kutoka amebebwa. Mtaalamu wa viungo upande mmoja, mimi upande wa pili, fremu ya kutembelea mbele. Magoti yanatetemeka. Hatua nne. Binti anahesabu kwa sauti.

Saa 12:45 jioni. Naandika ripoti ya kitanda cha 6: "Mkojo ulikuwa umeziba. Ametembea hatua 4. Kifaa cha kusikia kiko droo ya juu, kwenye kikombe cha bluu. Avalishwe kabla ya kuongeleshwa."